Nafasi ya Oili

Mwanangu Sikudhani,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako naijua. Uko hapo juu kwa mjomba wako Kibwana, umekaa katikati ya mama zako wadogo, unalishwa kwa nguvu, unaagwa, na kichwani unapanga namna ya kuwaambia kesho alfajiri kwamba safari haipo. Ya kwangu utaijua ukifika mwisho wa karatasi hizi. Kwa hiyo salamu tuziache, tuseme lililopo.

Mchana wa leo ulipokuwa unafunga begi, ulinyanyua kichwa ukaniambia, "Baba, mimi siendi. India haikimbii." Nikajifanya sijasikia, nikatoka kwenda kwenye mashine kama mtu anayetafuta spana. Nilisikia. Unayajua masikio yangu, yanasikia nati iliyolegea kutoka ng'ambo ya barabara. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, moyo uliruka kama wa mtoto aliyeambiwa kesho hakuna shule. Halafu nikaona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za chakula, wala namna ya kutunza pasipoti. Hayo mama zako wadogo wanakujaza sasa hivi mpaka masikio yanauma. Mimi nataka kukueleza kwa nini lazima uende, na njia ninayoijua ya kueleza jambo ni moja tu, kupitia injini. Utanivumilia. Umenivumilia tangu hujajua kutembea.

Habari ya nilivyofika hapa Mkuyuni uliisikia kwa mama yako, naye alikuwa akiipamba ili watu wacheke. Ngoja nikusimulie mimi mwenye aibu yangu. Nilikuwa kijana, fundi katika gereji moja pale Morogoro mjini, na nilijiona hasa. Bibi yako mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa na hii mashine ya kusaga, na injini yake ya dizeli ilikuwa imeanza kugonga. Akatuma mtu mjini. Nikaja na kisanduku changu, nikaifungua, nikakuta metali zimelika. Wewe uliniambia zina jina lake vitabuni, ila kwetu mafundi ni metali tu, vile vipande viwili vya nusu duara vinavyokaa ndani ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, na kuikumbatia kranki inayozunguka. Metali mpya hazikuwepo. Ningeweza kusema zisubiriwe kutoka Dar, lakini fundi anayejiona hasemi subirini. Nikachukua ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaikunja, nikaipachika nyuma ya metali zilezile kuukuu, nikafunga bolti mpaka zikashika. Ndivyo tulivyofanya wote pale gereji, na tulijisifu kwa hilo.

Halafu kulikuwa na wateja. Mteja alikuwa anaipima injini kwa mkono. Anashika lile gurudumu zito la kando ya injini, anajaribu kulizungusha. Likizunguka kwa wepesi ananuna, anaona ameibiwa. Likigoma anatabasamu, anawageukia wenzake na kusema, "Hapo sasa imekaza! Imekuwa mpya." Basi sisi tukakaza. Tulikaza kupita kiasi ili mteja atabasamu. Bibi yako alilishika gurudumu, akashindwa, akaita wanaume wawili wakalizungusha kwa kuhema, akanisifu mbele ya watu wote waliokuwa pale. Mama yako alikuwepo, amebeba ungo, akaniangalia. Nikaona nimefika.

Haikusaga muda mrefu. Msimu wa mahindi ulikuwa umekolea, foleni ya kina mama na ndoo zao imefika barabarani, injini ikalia mara moja tu, mlio ambao bado unanijia nikiwa nakula. Konrodi ilikatika ikatoboa ubavu wa bloku, ule mwili wa injini, na oili ikaruka mpaka kwenye unga wa watu. Aliyekuja kunitafuta mjini alikuwa Kibwana mwenyewe, kijana wakati huo, hasira imemjaa hadi shingoni. "Fundi," akaniambia, "njoo uone ulichokikaza."

Nilikuja nikakaa hapa kutengeneza nilichokiharibu. Bloku ikapelekwa mjini kuchomelewa, konrodi nyingine ikatafutwa huku na huku, siku zikaenda. Mama yako akawa ananiletea chai na kuondoka bila kunisemesha. Baadaye, tulipokwisha kuoana, alipenda kusema mbele za wageni, "Angekuwa fundi mzuri angemaliza kazi akaondoka. Nilimpata kwa sababu ni mbovu." Watu walicheka, nami nilicheka, na ilikuwa kweli kabisa.

Lakini kwa nini konrodi ile ilikatika, sikulielewa vizuri hadi uliponieleza wewe.

Ulikuwa mdogo uliponiuliza konrodi kazi yake ni nini. Nikakuambia pistoni inajua kupanda na kushuka tu, kranki inajua kuzunguka tu, na hao wawili hawawezi kuelewana bila mtu wa kati. Konrodi ndiye huyo mtu wa kati, anavutwa juu, anasukumwa chini, anazungushwa, hapumziki. Ukaniuliza, "Hachoki?" Nikakujibu kwa kiburi cha gereji kwamba chuma hakichoki. Miaka ikapita, ukarudi likizo kutoka chuoni Dar, hata begi hujatua, ukaniambia, "Baba, shikamoo. Ulinidanganya. Chuma kinachoka, tena tunakisomea huko kuchoka kwake." Nilicheka, lakini nilikwenda kulala nikiwaza chuma kinachochoka bila kusema.

Likizo hiyo ndipo ulipochuchumaa kwenye sakafu ya mashine ukanichorea kwa kidole kwenye vumbi la pumba. Ukasema chuma na chuma havitakiwi kugusana hata kidogo. Kranki ikizunguka inaivuta oili, oili inajisokomeza katikati, inaibeba, mpaka kranki inaelea ndani ya konrodi bila kugusa popote. Kinachotakiwa ni nafasi. Nyembamba kuliko unywele, lakini iwepo. Ukiiziba kwa kukaza, oili haina pa kupita, vyuma vinasuguana, vinachemka, vinashikana. Ukiiachia mno, oili inakimbia na injini inagonga. "Kazi yote iko kwenye nafasi, baba," ulisema, huku unafutia mikono kwenye khanga ya mama yako. Mama yako akakufokea. Alikufokea kwa ajili ya khanga, habari ya nafasi hakuwa nayo.

 Nilikuwa namwona bibi yako akinisifu kwa injini ambayo hata oili haikuweza kupenya ndani yake.

Kisha mama yako akaanza kuumwa, na mwaka huohuo ukaja na konrodi yako. Uliitoa kwenye begi umeiviringisha kwa fulana, kama mtu anayebeba mayai. Uliichora mwenyewe, wakakuchongea kwenye karakana moja huko Dar. Nilitazama kiuno chake, umekipunguza chuma katikati na kuacha kingo, na neno la kwanza lililonitoka likawa, "Hii imekonda, itakatika." Hukukasirika. Ukanieleza kwamba uzito ukipungua, kila konrodi inapogeuza juu na chini inazivuta metali kwa nguvu ndogo zaidi, na metali zinadumu. Ukanionyesha umeirefusha kidogo, na umetafuta pistoni ambayo pini yake imekaa juu zaidi ili iingie, maana konrodi ndefu hailali sana ubavuni inapozunguka, na pistoni haisukumwi kusugua ukuta mmoja wa silinda. Ukanionyesha tundu la oili ulivyolisogeza, na kile kijiko cha chini kinachochota oili na kuirusha juu, ulivyokipinda tofauti na cha kiwandani. Kwa kila ulichosema nilikuwa na jibu moja. "Haya."

Siku ya kuifunga, spana nilishika mimi. Nilipomaliza nikazungusha gurudumu, likaenda kwa kidole. Nikasikia aibu ya ujana wangu inapanda, nikamwona mteja ananuna, ingawa hapakuwa na mteja yeyote, mashine ni ya kwetu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kisanduku kutafuta pakiti ya sigara, na unajua mimi sivuti. Ukaniona. Hukupiga kelele, uliweka mkono wako juu ya wangu ukasema, "Iachie, baba." Nikaiachia.

Tukawasha. Mama yako alikuwa amelala chumba cha upande wa mashine, siku hizo hanyanyuki tena. Maisha yake yote alilala akiisikia injini ile, aliweza kukuambia kwa mlio tu kama wanasaga mahindi makavu au yenye unyevu. Ilipokolea nikaingia kumtazama. Alikuwa amefumbua macho, na uso ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouona kwa muda mrefu.

"Leo mashine haigombani na mtu," akasema. "Kazi ya nani hiyo?"

"Ya Sikudhani."

"Mwambie."

Sikumuuliza nikuambie nini. Nilijua. Nilitoka, nikakukuta umeinama unapima joto la bloku kwa kiganja, na nikakuambia, "Funga mafuta, tupumzike." Hicho ndicho nilichokuambia, Sikudhani. Mama yako alinituma kwako na ujumbe, na nikauacha mlangoni.

Sasa naufikisha. Mama yako aliisikia konrodi yako. Alijua ni kazi ya mikono yako, na alifurahi, na ilikuwa mara ya mwisho nilipomwona amefurahi. Nilipaswa kukuambia siku ileile, wakati ungeweza kuingia chumbani ukamwona. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Baada ya arobaini tuliifungua injini sisi wawili, unakumbuka. Metali zilitoka za kijivu, laini, hazina mkwaruzo. Uliziweka kwenye kiganja ukanitazama, ukasubiri. Nikasema, "Haya, rudishia." Ukarudishia. Nilitaka kulia, mwanangu. Niliona nikifungua mdomo kukusifu machozi yatatangulia, kwa hiyo nikakaza. Msibani kila aliyenishika mkono aliniambia kaza moyo, fundi, kaza moyo, nami nililishika neno hilo kama nilivyolishika gereji. Nikakaza mpaka hakuna kilichoweza kupita kati yangu na wewe, si habari njema wala mbaya. Tulikuwa tunakula sahani moja na kuzungumza habari za mashine tu.

Ndiyo maana ulipopata ile nafasi ya kwanza ya kusoma nje na kuniletea karatasi yake, nilikujibu, "Sasa hivi? Na kaburi la mama yako bado bichi?" Uliikunja ukaondoka. Nafasi ile akaipata mwingine. Kaburi halikuhusika, nikuambie ukweli. Nilikuwa naogopa nyumba tupu, nikamtumia mama yako kukuzuia, yeye ambaye angekufungia begi mwenyewe.

Na sasa imekuja nafasi nyingine, hii ya India, tena ya kazi ileile uliyoanzia hapa nyumbani, kusanifu konrodi za injini ndogo, hizi za mashine za kusaga na pampu za maji, ziwe nyepesi na zisilike. Safari hii si mimi niliyekuzuia. Ni maneno ya mjomba wako.

Uliyasikia nusu, kwa hiyo nikupe yote. Alikuja jioni ile, tukala, akasubiri mpaka nimenawa. Akasema, "Shemeji, sikufukuzi. Nisikie vizuri, tena nisikie kwa moyo. Hapa ni pa ukoo. Ulikaa kwa ajili ya Mwanaidi, na Mwanaidi katutoka. Sasa unakaa kwa ajili ya mtoto wetu. Mtoto naye akienda zake huko India, ndani ya nyumba anabaki nani wa kwetu? Na yupo binti wa mdogo wangu, ana watoto, hana pa kulala. Wazee hawakuulizi wewe, wananiuliza mimi." Nikamjibu, "Nimekuelewa, shemeji." Wewe ulikuwa unatoa sahani. Uliziweka chini pale pale mlangoni ukaenda nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo India ikawa haikimbii.

Usimkasirikie. Najua ulirithi hasira yake, hiyo haikutoka kwangu. Sisi Waluguru mtoto ni wa mama yake na ardhi inapita kwa mama, na hilo nililijua nilipooa. Nimekula ndizi na maharage ya mlima huu miaka yote hii, na hakuna hata hatua moja ya mlima iliyo yangu, na hakuna aliyewahi kunisimanga. Mila hiyohiyo inayonitoa mimi ndiyo inayokuweka wewe. Mimi sina uwezo wa kukupa shamba wala kukunyima. Kitu pekee nilichoweza kukupa ni kelele za injini, na wewe ukazichukua ukazinyamazisha. Kibwana naye ana mzigo wake. Tulibeba jeneza yeye mbele mimi nyuma yake, na nilimwona mabega yanavyotetemeka.

Lakini nisikufiche linaloniuma. Si nyumba. Mama yako amelala pale juu kwao, kando ya migomba, na mimi siku yangu ikifika watanipeleka kwa ukoo wa mama yangu, upande wa Kisaki, kwa watu ambao wengi wao hata sura yangu hawaijui. Tumelala kitanda kimoja tangu ujana, na huko tutalala mbalimbali. Nimelilia jambo hilo leo jioni, nimekaa kwenye kile kigogo chake cha kupepetea unga nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumkazia. Hata hivyo wewe kubaki hapa hakubadilishi kitu. Ungebaki hata mpaka uzeeke, bado nitazikwa Kisaki.

Nimekuona unavyowaza. Unawaza, nikikaa ndani ya nyumba, baba atakaa. Ni kweli, ningekaa. Lakini wewe ungekuwa ile karatasi ya sigara, iliyopachikwa nyuma ya kitu kuukuu ili kishike. Kwa nje ingeonekana imeshika vizuri, watu wangesema binti huyu ana huruma na baba yake. Nawe ungekuwa umebanwa humo, mwaka kwa mwaka, kitu hakipiti. Nilishawahi kufanya kazi ya namna hiyo na niliona mwisho wake kwenye ubavu wa bloku.

Kwa hiyo nimefanya hivi, na nakuomba unisamehe kwa kuwa sikushauriana nawe. Juzi ulipokwenda mjini kwa mambo ya safari, vifaa vyangu vyote vilipanda gari kwenda Dakawa. Kisanduku ulichokiona leo mahali pake ni kitupu, nilikiacha ili usigundue. Kule wakulima wa mpunga wana pawatila nyingi, yale matrekta madogo ya kusukuma kwa mkono, zote zinagonga, na wamenipa chumba karibu na ghala. Ni tambarare, kuna mbu, milima nitakuwa naiona kwa mbali asubuhi kabla jua halijawa kali. Nitazoea. Alasiri hii nilimpelekea mjomba wako ufunguo. Alisimama ameushika, akasema, "Shemeji, sikusema leo." Nikamwambia, "Najua, lakini ni leo." Tukashikana mikono. Humu ndani, vya kwangu vilivyobaki ni mkeka na taa hii ninayoandikia.

Injini nimeiacha na konrodi yako ndani. Binti wa mama yako mdogo, huyo atakayehamia hapa, nimemwonyesha kubadili oili na kusikiliza, ana sikio zuri, ila anacheka sana.

Basi kesho ukisema huendi, utabaki unamlinda nani? Nimekuondolea sababu. Najua utasema nimekufanyia hila, na kweli ni hila, lakini nilikuwa nimechoka kuwa kitu kinachokuzuia, na wewe usingekubali kuniacha kwa maneno tu.

Huko uendako watakupa kompyuta na watu wa kukuelekeza, na utachora konrodi nzuri kuliko ile. Halafu siku moja utachora moja nayo itakatika. Itakatika, mwanangu, wala si kwa sababu wewe ni mbovu. Nakuomba siku hiyo usikimbie. Kaa nayo, ifungue, angalia palipoanzia ufa. Mimi nilikaa na iliyokatika, nikapata mke, nikakupata wewe. Sina maisha mengine ninayoweza kukuonyesha.

Na ukiwa huko ukasikia huruma juu yangu, isikilize, kisha uendelee na kazi. Sikuambii ukaze moyo. Lia ukitaka kulia. Nipigie simu hata kama huna la kusema, tutasikilizana pumzi. Nitajitahidi kukujibu zaidi ya "haya." Nimeanza kujifunza, ona nilivyoandika, na mkono huu haujaandika kurasa nyingi hivi tangu nizaliwe.

Mvua inanyesha huko juu Matombo, nasikia mto umebadili sauti. Hapa bado kukavu. Alfajiri nitakuletea barua hii mwenyewe, nitakupa mkononi kabla hujawaambia lolote, na nitakaa nje uani kwa mjomba wako nikisubiri uisome. Usisome haraka kwa ajili yangu. Ukimaliza utoke na begi, nilibebe, tushuke wote mjini mpaka stesheni. Treni ya umeme haimsubiri mtu, nami nisingependa tuagane mbiombio.

Wewe ni wa hapa. Ukirudi, mwaka wowote utakaorudi, mlango ule ni wako na ufunguo utapewa bila kuuomba. Utafika, utafagia, utawasha moto. Mimi nitasikia umekuja, nitatoka Dakawa. Nitapita barabara hii, nitapanda kile kinjia, nitasimama nje ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, sitasukuma mlango. Nitapiga hodi.

Usitoke mbio ukiniuliza kwa nini nabisha hodi kwangu, na usilie. Niitikie tu karibu.

Baba yako,
Fundi Salehe